Je, Wajua? Mambo ya Kiko cha Mti, Mng'aro Wake na Namna ya Kukitunza

Masisi na Walikale ni wilaya mbili jirani za Kivu Kaskazini, lakini kitu cha mti hakikai sawa katika wilaya hizo. Masisi ni nchi ya vilima, malisho ya ng'ombe na baridi ya asubuhi. Sehemu zake nyingi ziko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukiteremka magharibi kuelekea Walikale unaingia msitu mkubwa wa Kongo, penye joto na unyevu usiokatika. Kote huko kiko kimekaa mikononi mwa wazee, wake kwa waume: bori la udongo au la mti, na mrija wa kuvutia moshi. Wavutaji wakipungua ni heri kwa mapafu na vinywa vya watu. Viko vyenyewe, hata hivyo, vingine vimebaki katika nyumba za watoto na wajukuu, na mara nyingi jambo la kwanza ambalo mrithi hufanya ni kukiosha kwa sabuni au kukipaka vanishi. Hapo ndipo kinapoharibika. Yafuatayo ni mambo ambayo kila mwenye kiko cha mti anafaa kuyajua, na yote yanatoa somo moja: kiko husafishwa ndani, nje huhifadhiwa.

1. Mkono wa mvutaji ndio unaokipaka kiko nta

Je, wajua kwamba takriban robo ya mafuta yanayotoka kwenye tezi za ngozi ya binadamu ni nta? Asilimia nyingine 12 hivi ni skwaleni, mafuta ambayo hubadilika polepole yakikutana na hewa. Kiko kinaposhikwa kila siku kikiwa na uvuguvugu, mafuta hayo huingia katika vitundu vya mti, yakachanganyika na moshi na masizi, na miaka ikipita hugeuka utando mwembamba wenye kung'aa.

Kishike kiko cha zamani karibu na dirisha ukitazame vizuri. Upande mmoja wa bori, pale kidole gumba kilipozoea kukaa, mti umelainika kuliko upande wa pili. Chini yake, palipoegemea kidole cha shahada kilichokunjwa, pana ung'avu mwingine. Ukingo wa juu umeiva weusi. Penye kona ya shingo, ambapo vidole havifiki, mti umebaki mkavu na rangi yake ya kwanza. Kwa alama hizo pekee unaweza kukisia kama mwenye kiko alikishika kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Wavutaji wa Ulaya wana desturi ya kusugua bori la uvuguvugu kando ya pua, kwa sababu pua ni miongoni mwa sehemu za uso zenye mafuta mengi. Kanuni ni ileile. Maji ya moto na sabuni huondoa kazi hiyo ya miaka kwa dakika chache, na hakuna duka linalouza kitu cha kuirudisha.

2. Bori la mti huokolewa na ukoko wake

Mtu anapovuta, kaa la tumbaku ndani ya bori hupita nyuzi joto 400 za Selsiasi, ilhali mti huanza kugeuka mkaa kati ya nyuzi 250 na 300. Mbona basi kiko hakiteketei? Kwa sababu ukuta wa ndani hujijengea ukoko wa kaboni unaozuia moto usifike kwenye mti.

Ukoko wenye unene wa milimita moja, au moja na nusu, unatosha. Ukizidi hapo, hupanuka kwa joto kuliko mti unaouzunguka, ukalipasua bori kutoka ndani. Kwa hiyo haung'olewi wote wala hauachwi ukajaa. Hukwanguliwa kidogo kidogo kwa kisu butu, kwa kuzungusha, kiko kikiwa kimepoa kabisa, hadi ukuta ubaki sawa pande zote. Kisu chenye ncha kali hakifai, maana ni rahisi kutoboa kitako cha bori. Waxhosa wa Afrika Kusini walilitatua tatizo hili kwa njia nyingine: viko vyao vingi vya mti vimetandikwa madini ndani ya bori.

3. Mti wa viko vya Ulaya unaota pia kwenye volkano za Virunga

Viko vingi vizuri vya mti vinavyouzwa duniani huchongwa kutokana na fundo gumu linaloota kati ya mizizi na shina la mti mdogo uitwao kitaalamu Erica arborea. Mji wa Saint-Claude, katika milima ya Jura nchini Ufaransa, ulianza kuvichonga katikati ya karne ya 19 na ukapata jina kwa kazi hiyo. Fundo huchemshwa kwa saa nyingi ili litoe utomvu na tanini, kisha hukaushwa kwa miezi kabla fundi hajaligusa kwa patasi.

Mafundo hayo hutoka nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, kama Korsika, kusini mwa Italia na Algeria. Lakini mti wenyewe unaota pia Ethiopia, Kilimanjaro, Rwenzori na katika safu ya Virunga, inayopakana na Masisi kwa upande wa mashariki. Mwaka 2011 watafiti waliochunguza vinasaba vyake walieleza kwamba ulisambaa kutoka Afrika Mashariki kuelekea kaskazini-magharibi, hadi ukafika Mediterania. Kwa hiyo kiko cha Mfaransa kina nasaba ya milima yetu. Virunga ni hifadhi ya taifa tangu 1925, na miti yake hairuhusiwi kukatwa; tutosheke na fahari ya kuwa asili ni huku.

4. Msitu una msasa wake

Kabla ya karatasi ya msasa kufika madukani, mafundi wa sehemu nyingi za Afrika walilainisha mti kwa majani. Mti unaojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Ficus exasperata, wa jamii ya mtini, unaoota pia katika misitu ya Kongo. Majani yake yana vinyweleo vigumu vyenye silika, na ukipitisha kidole juu yake unausikia ukali wake papo hapo. Mchongaji humaliza na kisu, akafuatisha jani, kisha kitambaa chenye mafuta kidogo.

Weusi wa viko vingi vya kale nao si rangi ya dukani. Mafundi wengi wa Afrika ya Kati hupasha chuma motoni hadi kiwe chekundu, kisha hukipitisha juu ya mti mpaka uso wake ugeuke mkaa mwembamba, halafu wakausugua kwa mafuta. Weusi huo hudumu miaka mingi, lakini ni wa juujuu. Ukipiga msasa kiko cha namna hiyo ili "kukifanya upya", unafuta kazi ya fundi na kuacha mti mtupu. Jani na msasa ni vya kiko kinachozaliwa; kiko kilichozeeka hakivihitaji.

5. Mawese hayakauki, wala siagi

Walikale kuna mawese, Masisi kuna siagi, na mtu akitaka kitu king'ae hukimbilia kilicho karibu. Wanakemia hupima mafuta kwa kipimo kiitwacho namba ya iodini. Mafuta ya kitani hufika 170 na kupanda. Ya mbarika, au nyonyo, huwa karibu 85. Mawese hukaa karibu 50. Mafuta yenye namba kubwa hushika oksijeni ya hewani na kuganda kuwa utando mgumu. Yenye namba ndogo hubaki majimaji siku zote.

Ndiyo maana kiko kilichopakwa mawese hung'aa siku mbili, kisha kikawa cha kunata, kikashika vumbi, na baadaye kikatoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Siagi ni mbaya zaidi, kwa kuwa ina maji na mabaki ya maziwa yanayovutia kuvu na wadudu. Ukilazimika kutumia mafuta, tone moja kwenye kitambaa linatosha kwa kiko kizima, na baada ya dakika chache lifutwe mpaka kitambaa kitoke kikavu. Na hili ni la hatari: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, kikikunjwa na kutupwa pembeni, huweza kupata joto chenyewe na kuwaka. Kikunjue, ukianike nje mpaka kikauke.

6. Wekundu wa vitu vya kale ni mapambo, si uchafu

Ukiona vumbi jekundu katika mikunjo ya kiko cha zamani cha Kongo, usikimbilie brashi. Katika sehemu nyingi za Kongo watu husaga mti mwekundu wa jamii ya Pterocarpus kuwa unga, wakauchanganya na mafuta, wakajipaka mwilini na kupaka vitu vyao vya thamani. Wakuba wa Kasai nao wana desturi hiyo, na unga huo hujulikana sana kwa jina tukula.

Walega, majirani wa Walikale kwa upande wa kusini, wana desturi inayofanana. Mtafiti Daniel Biebuyck, yuleyule aliyechapisha utenzi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969, aliandika pia kitabu Lega Culture, kilichotoka 1973. Alieleza jinsi wanachama wa bwami, chama cha Walega, walivyosugua na kupaka mafuta sanamu zao za mti na pembe kama walivyopaka miili yao. Rangi ya vitu hivyo inayosifiwa leo katika makumbusho ilitokana na matunzo ya namna hiyo, yaliyorudiwa kizazi hadi kizazi. Anayeosha kitu cha aina hiyo anafuta historia ya waliokishika.

7. Kuna nta ya nyuzi 62 na nta ya nyuzi 82

Nyuki kibarua ana tezi 8 za nta chini ya tumbo lake. Nta hiyo huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64 za Selsiasi. Viwanda vya viko hupendelea nta ya carnauba, inayokwanguliwa kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, kwa sababu huyeyuka karibu na nyuzi 82 hadi 86. Kiko kinachovutwa kila siku huwa na joto. Nta ya nyuki hulainika na kushika alama za vidole, ya carnauba huvumilia.

Kiko kinachohifadhiwa tu kama ukumbusho hakina shida hiyo, na nta safi ya nyuki inakifaa sana. Fanya hivi. Futa vumbi kwanza kwa kitambaa kikavu cha pamba. Chukua kitambaa kingine, kisugue kwenye bonge la nta mpaka kishike nta kidogo tu, kiasi ambacho huioni lakini vidole vinaihisi. Sugua kiko kwa mizunguko midogo, ukiruka mikunjo yenye michoro ili nta isijikusanye humo. Ngoja kama dakika 10. Kisha chukua kitambaa cha tatu, safi, usugue haraka haraka mpaka kiteleze bila kukwama. Mara moja kwa mwaka inatosha. Ukitaka kuyeyusha nta, weka kopo lake ndani ya sufuria ya maji ya moto; ikikaa juu ya moto wenyewe inaweza kuwaka.

8. Spiriti hutibu ndani na kuumiza nje

Njia maarufu ya kuondoa harufu mbaya ndani ya bori ni chumvi na spiriti: bori hujazwa chumvi, hudondoshewa spiriti kali, na huachwa usiku kucha. Asubuhi chumvi huwa imegeuka kahawia kwa lami iliyovutwa. Wapo mafundi wanaoikataa chumvi, kwa kuwa inaweza kubaki ndani ya vitundu vya mti na kusababisha nyufa. Wao hutumia pamba badala yake. Kwa kiko cha ukoo, pamba ndiyo salama.

Lakini angalia tone lisidondoke nje. Viko vingi vya kiwandani hupakwa shelaki, utomvu wa mdudu mdogo aitwaye Kerria lacca anayefugwa hasa India na Thailand, na shelaki huyeyuka katika spiriti. Tone moja huacha doa jeupe lisilofutika kwa kitambaa. Na usitumie kanyanga au pombe nyingine ya kienyeji: ina maji mengi, na maji ndiyo huvimbisha mti.

Kwa mrija, vijiti vya waya vilivyosokotwa na pamba vilibuniwa na John Harry Stedman na Charles Angel wa Rochester, New York, mwanzoni mwa karne ya 20. Pasipo vijiti hivyo, unyoya mgumu wa kuku uliooshwa na kukauka hufanya kazi hiyohiyo: upitishe kuanzia mdomoni hadi kwenye bori, uutoe, uufute, urudie mpaka utoke safi.

9. Mate yamepata tuzo kwa kusafisha

Je, wajua kwamba wataalamu wa makumbusho husafisha vitu vya thamani kwa mate? Mwaka 1990 Wareno watatu, Paula Romão, Adília Alarcão na César Viana, walichapisha utafiti uliolinganisha mate ya binadamu na dawa mbalimbali za kusafishia sanamu za karne ya 18. Mate yalifanya vizuri, kwa sababu ya vimeng'enya vyake, hasa amilesi, ile inayoanza kumeng'enya wanga mdomoni. Mwaka 2018 walipewa tuzo ya Ig Nobel ya kemia, inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Kwa kiko, hii ndiyo njia ya upole ya kuondoa masizi ya ukingoni. Lowesha kidogo kijiti chenye pamba, kizungushe juu ya doa bila kukandamiza, kibadilishe kikishachafuka, kisha kausha mahali hapo mara moja. Usirudishe mdomoni kijiti kilichogusa kiko. Pamba ikianza kutoka na rangi ya mti badala ya weusi wa masizi, acha hapo hapo.

10. Maji meusi ya kiko ni sumu

Utomvu mweusi unaokaa kwenye shingo ya kiko una nikotini nyingi. Nikotini ilitenganishwa mara ya kwanza mwaka 1828 na Wajerumani Posselt na Reimann huko Heidelberg, na kwa miaka mingi ilitumika kuua wadudu mashambani. Hupenya kwenye ngozi. Kwa hiyo utomvu huo usipakwe kwenye kidonda wala kwenye funza, usiachwe mahali ambapo mtoto anaweza kuuchezea, na anayesafisha kiko anawe mikono kwa sabuni akimaliza. Sabuni ni ya mikono, si ya kiko.

11. Mrija hauchomolewi kiko kikiwa moto

Mti ukipata joto na unyevu wa moshi hubadilika kipimo, na mrija hubanwa au kulegea katika tundu lake. Ukiuchomoa wakati huo, ulimi wake unaweza kukatika au shingo ya kiko ikapasuka. Subiri kipoe. Kisha shika shingo kwa mkono mmoja, zungusha mrija taratibu upande mmoja huku ukivuta. Ukikataa, usilazimishe, kiache siku moja mahali pakavu ujaribu tena.

12. Kutoka msituni hadi mjini, bori linaweza kupasuka bila kuguswa

Mti huvuta na kutoa unyevu maisha yake yote, hata miaka 100 baada ya kukatwa. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 90, kama ilivyo mara nyingi ndani ya msitu wa mvua, mti hubeba maji yapatayo asilimia 20 ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 40, mti hubaki na asilimia 8 hivi. Kupungua huko hakuko sawa: mti hunywea kwa kufuata duara la shina karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda ganda. Ndiyo sababu nyufa za bori mara nyingi husimama wima.

Kiko kilichozoea Walikale kikipelekwa ghafla kwenye nyumba kavu ya Ulaya yenye joto la mashine, au kikiwekwa juani dirishani, kinaweza kufunguka kwa usiku mmoja. Kisafirishe kikiwa kimefungwa kwa tabaka kadhaa za kitambaa cha pamba, ukizipunguza moja moja kwa wiki kadhaa. Wenye viko wanaoishi huko msituni wana kazi ya kinyume: kuvu hustawi unyevu ukipita asilimia 70 na kitu, hasa ndani ya mfuko wa nailoni. Kiko kiwekwe penye hewa, mbali na ukuta wa udongo, na kuvu ifutwe nje ya nyumba kwa brashi laini na kavu.

13. Waya wa kusugulia masufuria huacha madoa meusi

Miti mingi ina tanini, ile inayoifanya chai iwe kali. Tanini ikikutana na chuma na unyevu hutengeneza rangi nyeusi yenye samawati. Ukisugua kiko kwa waya wa chuma, vipande visivyoonekana hubaki vitunduni, na mvua ya kwanza huvitokeza kuwa madoa. Tumia kitambaa, brashi ya nywele laini, na kijiti cha mwanzi kilichochongwa kwa ajili ya mikunjo.

14. Mrija mweusi huiva kijani juani

Mirija mingi ya viko vya kiwandani ni ya ebonaiti, yaani mpira uliopikwa kwa salfa nyingi mpaka ukawa mgumu. Charles Goodyear alipata hataza ya kupika mpira kwa salfa nchini Marekani mwaka 1844. Jua huitoa salfa hiyo juu, mrija ukageuka kijani au kahawia, ukawa na ladha chungu. Dawa ni kuuweka gizani, na kuufuta kwa kitambaa kikavu kila unapotumika. Maji ya moto huuongezea ugonjwa.

15. Arusha iliwahi kutengeneza viko vya jiwe jeupe

Si viko vyote vizuri ni vya mti. Sinya, upande wa Tanzania wa nyanda za Amboseli, kulichimbwa madini meupe mepesi yaitwayo sepiolaiti, yale ambayo Waturuki wa Eskişehir huyachonga viko. Katika karne ya 20 vilitengenezwa Arusha viko vilivyouzwa nje vikiwa na alama ya tembo na jina Kiko. Jiwe hilo hupakwa nta ya nyuki, na kadiri linavyovutiwa hubadilika kutoka weupe hadi rangi ya asali, kisha kahawia. Hilo nalo halisuguliwi: mabadiliko hayo ya rangi ndiyo thamani yake.

16. Mabaki ya ndani yalibadilisha historia ya Afrika

Tumbaku ilitoka Amerika na kufika Afrika karibu na mwaka 1600. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kabla yake Waafrika hawakuwa na viko. Kisha katika pango liitwalo Lalibela, Ethiopia, vilipatikana viko vya udongo vya takriban mwaka 1320. Uchunguzi wa kemia uliochapishwa 1975 ulionyesha ndani yake mabaki ya bangi. Kama mtu angeviosha "viwe safi", ushahidi huo ungekwenda na maji. Kwa kiko cha ukoo ambacho hakitavutwa tena, ukoko wa ndani ni vizuri kuuacha kama ulivyo.

17. Dumuzi huuawa kwa baridi, bila dawa

Ukiona vitundu vidogo vya duara na unga laini chini ya kiko, dumuzi yumo. Dawa za kupulizia huharibu mng'aro. Makumbusho hutumia baridi: kitu hufungwa vizuri ndani ya mfuko usiopitisha hewa, hukaa kwenye jokofu la kugandisha la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili, na hutolewa kikiwa bado kimefungwa mpaka kirudie joto la chumba. Ukifungua mapema, umande hukilowesha.

18. Kiko kinaweza kuhitaji kibali kuvuka mpaka

Sehemu za pembe ya ndovu, hata kipande kidogo mdomoni mwa mrija, zinabanwa na marufuku ya biashara ya kimataifa iliyopitishwa 1989. Miti yote ya jamii ya Dalbergia, ukiwemo mpingo, iliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES kuanzia Januari 2017, ingawa bidhaa ndogo zilizokamilika zimepewa nafuu. Mwenye kiko cha kale asikiuze kwa mpita njia kabla ya kujua kimetengenezwa kwa nini.

19. Vitu 84,000 vimeorodheshwa, majina ya wenyewe ni machache

Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vya utamaduni vilivyoko kwenye makumbusho ya Tervuren. Ni orodha ndefu, lakini aliyechonga na aliyetumia kila kitu mara nyingi hawakuandikwa. Kitu kinajulikana kwa kabila na mwaka, mtu amepotea.

Hasara hiyo inaendelea hata sasa kwa njia nyingine. Vita vilivyofika Masisi-kati Januari 2025 na Walikale-kati Machi mwaka huohuo viliwatoa watu majumbani mwao usiku, na anayekimbia na mtoto mgongoni hawezi kubeba kila kitu cha babu. Kilichosalia kina thamani zaidi kwa sababu hiyo.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kipo kiko cha mti, usikioshe wala usikipake vanishi. Kifute kwa kitambaa kikavu, kisafishe mrija kwa unyoya, kihifadhi penye hewa na kivuli. Chukua karatasi uandike jina la aliyekivuta, kijiji chake, aliyekichonga kama anajulikana, na mwaka ulioambiwa; kipige picha pande zote, kisha karatasi hiyo uifunge pamoja nacho. Kama bibi au babu aliyekijua bado yu hai, nenda ukamuulize wiki hii.